Chumba cha Nyuma cha Nyumba Namba Tatu

Mwezi wa kumi, siku ambayo walimu wenzake walikuwa wameshuka Mafinga kwenye kikao cha chama, Mwalimu Yusta Mgaya alijifungia ndani ya nyumba namba tatu, akajifunga brashi ya katani kiganjani kwa kipande cha kanga, akaanza kupaka chokaa ukuta wa chumba cha nyuma. Brashi ilifungwa kwa sababu vidole vilikataa kuishika. Fundi hakuitwa kwa sababu fundi ana mdomo. Ukuta wenyewe ulikuwa mweusi kwa kuvu kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha, na ulikuwa hivyo kwa miaka yote sita aliyoishi mle. Mbinu yake ya kuushughulikia ilikuwa moja: alifunga mlango.

Jioni alipiga picha nne kwa simu. Ukuta ulitoka mweupe kama kitambaa cha komunyo ya kwanza. Akazituma kwa mwalimu wa hisabati wa Igawa aitwaye Tadeo, mtu ambaye hajawahi kumwona kwa macho, akaandika chini yake: "Nyumba ndiyo hii, kaka. Na hewa ni safi."

Mwalimu akitaka kuhama na hana subira ya kungoja, njia ni kumpata mwenzake wa somo lile lile anayetaka kuja kule yeye anakotoka. Kuna makundi ya WhatsApp kwa kazi hiyo, na yanasomwa kwa uchaji ambao mapadri wangeuonea wivu. Natafuta wa kubadilishana naye, niko Mufindi, nataka Mbarali, Hisabati. Tangazo halisemi kwa nini mtu anapakimbia mahali anapopasifia hivyo. Kila anayesoma anajua, maana na yeye anapasifia kwake.

Sababu ya Yusta ilikuwa baridi yabisi. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na kule juu kwenye mashamba ya chai huo ni ugonjwa wa mabibi: bibi hukaa karibu na moto na kutabiri mvua kwa magoti, na watu wanaanua nguo. Mwalimu anayetazamia cheo hakuona mahali pa kuuweka. Asubuhi vidole vyake vilivimba vikagoma kukunjika, na kushika chaki saa mbili ilikuwa kama kumshikisha kuku kalamu. Ikifika saa nne vinalegea, naye anakuwa mtu kama watu wengine.

Kwa bahati yeye ndiye alikuwa mwalimu wa taaluma, na mwalimu wa taaluma ndiye anayepanga ratiba. Kwa miaka sita vipindi vyake vyote viliangukia baada ya chai ya saa nne. Vya asubuhi, vyenye ukungu mlangoni na watoto wenye meno yanayogongana, viliwaangukia wengine. Aliliita jambo hilo mgawanyo wa kitaalamu. Jumapili kanisani, ilipofika zamu ya kujipiga kifua, alijipiga kwa ngumi ambayo haikufungika vizuri.

Daktari mmoja wa Iringa alishamwandikia dawa ya kumeza mara moja kwa wiki, na kliniki kila baada ya miezi mitatu. Kliniki ilitaka ruhusa. Ruhusa ilitaka sababu, sababu ingeandikwa, na kilichoandikwa huingia kwenye faili. Alikwenda mara mbili, akaacha. Baada ya hapo alinunua vidonge vya maumivu duka la dawa, akisema ni vya mama yake, mwanamke mzima wa afya aliyekuwa analima ekari mbili za viazi kwa jembe. Na kwa kuwa lazima awepo wa kulaumiwa, Yusta akailaumu baridi. Mufindi kuna baridi ya kutosha kulaumiwa.

Mumewe, Clement, alikuwa anaendesha mashine ya kukoboa mpunga Rujewa, si mbali na Igawa. Miaka minne walikuwa wameishi mbalimbali kwa amani ambayo ndoa nyingi za chumba kimoja hazijaionja. Sasa akahitajika. Kwenye fomu ya uhamisho, mahali pa sababu, Yusta aliandika: kumfuata mume. Clement aliposomewa kwa simu alisema ameguswa.

Tadeo naye alikuwa na sababu, ila yeye aliitaja waziwazi, na Yusta akamwona mtu asiye na uzoefu. Binti yake Lusia, wa miaka sita, alikuwa na pumu. Igawa kuna vumbi la barabara kuu, na upepo wa Usangu unaleta pumba za mpunga mpaka kwenye uji. Mkewe Lea, fundi cherehani, alitaka mahali mtoto atakapopumua. Baada ya kuziona picha Tadeo alituma swali moja tu: "Unyevu vipi, dada?"

Yusta alikaa na lile swali tangu mchana hadi kuku walipoingia bandani. Mwisho akajibu: "Hii nyumba walimu wote tunaigombania." Ilikuwa kweli kabisa. Nyumba za shule zilikuwa tatu na walimu kumi na saba. Wangegombania hata banda la nguruwe.

Barua zikaenda, zikarudi na mihuri. Siku ya kukabidhi funguo alisaini fomu, na mbele ya maneno "hali ya nyumba" akaandika: nzuri. Januari kila mmoja akawa mahali pa mwenzake. Kwa mtu wa hisabati ni mlinganyo mwepesi: unakihamisha kitu kutoka upande huu kwenda upande ule. Alijua pia, maana aliwaimbisha watoto hivyo kila mwaka, kwamba kikivuka hakipotei.

Joto la Igawa lilimpokea vizuri kwa wiki tano. Wiki ya sita, saa moja asubuhi, jasho likimtiririka shingoni, alishindwa kufungua chupa ya chai. Clement alimtazama, akaifungua yeye, akasema kesho yake wanaenda Mbeya. Kama amefuatwa, alisema, basi afuatwe vizuri.

Daktari wa Mbeya, Dokta Atuganile, alikuwa binti wa umri wa mdogo wake wa mwisho, na aliuliza maswali bila kupamba. Yusta akamweleza kwamba amehama mkoa mzima kwa ajili ya baridi. Daktari akaacha kuandika.

"Baridi inakuzidishia maumivu, mama. Haikukupa ugonjwa, na joto haliutoi. Ile dawa ya Iringa ulimeza miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Kliniki uliacha kwa nini?"

Yusta akasema kazi zilikuwa nyingi.

"Ulihitaji ruhusa siku nne kwa mwaka," alisema daktari, akirudi kwenye karatasi yake. "Huko kuhama ni mambo yenu mengine."

Safari hii dawa ilimezwa, kwa sababu Clement aliisimamia kama anavyosimamia mashine, kwa ratiba na bila huruma. Kliniki ikahudhuriwa pia. Ruhusa? Yusta alimwambia mkuu wa shule, Mwalimu Benjamini, kwamba anampeleka mume wake Mbeya, ana presha. Kuanzia hapo Clement alipewa pole barabarani na watu asiowajua, akashauriwa kuhusu chumvi, na akaitikia yote kwa unyenyekevu.

Kufika mwezi wa sita vidole vilikuwa vimenyooka. Alifundisha kipindi cha kwanza, na cha pili, na cha mwenzake aliyekuwa na msiba. Mtu mwingine angeshukuru. Kwa Yusta kila kidole kilichokunjika kilikuwa shahidi wa upande wa mashtaka: dawa ile ile ilikuwepo Iringa, basi la kwenda Iringa lilikuwepo, na ukuta ule haukuwa na haja ya kupakwa chochote. Hakuikimbia baridi. Alikimbia mstari mmoja kwenye kitabu cha ruhusa, na familia ya watu akaihamishia kwenye kuvu.

Simu ya Tadeo ilimkuta katika hali hiyo. Tadeo hana ulimi wa kulaumu, alianza kwa kuomba radhi kwa usumbufu. Lusia amelazwa tena, alisema, mara ya tatu tangu Februari. Chokaa ya chumba cha nyuma imebambuka, chini yake ni kweusi, na daktari hataki mtoto alale mle. Mkuu wa shule ameomba wapewe nyumba nyingine, lakini halmashauri wamefungua fomu ya makabidhiano wakakuta nyumba ilipokelewa ikiwa nzuri, na wanauliza hao wapangaji wameifanyaje ndani ya miezi sita. Kuna aliyesema labda mkewe anaanika nguo ndani. Kisha akauliza, kwa upole wa mtu anayetafuta jibu nyuma ya kitabu:

"Dada, wewe umekaa mle miaka sita. Kifua chako kilikuwaje?"

"Kifua hakijawahi kunisumbua, kaka."

Ameulizwa kifua, amejibu kifua. Angekuwa mtahiniwa angepata alama zote. Akaenda darasani, akaujaza ubao kwa mwandiko mzuri usiotetemeka, na mwandiko ule ukamchukiza.

Wiki ile ile Mwalimu Benjamini alimwita akamwambia anataka kupendekeza jina lake kwa nafasi ya makamu mkuu wa shule. Tangu Januari, alisema, hajakosa kipindi hata kimoja cha asubuhi, ukiondoa siku mbili alizompeleka mgonjwa wake. Watu wa kumtunza mgonjwa na kazi isilale ni wachache. Yusta alishukuru. Kwa siku nane alijaribu kuishi na hayo yote mawili, cheo na mtoto. Siku ya tisa, Ijumaa mchana, alifunga kilo kumi za mchele kwenye mfuko akapanda basi la kwenda juu. Alimwambia Clement anakwenda kusema. Clement hakuuliza kusema nini. Alimpa sweta.

Alifikia kwa Apolonia, mwalimu wa Kiswahili, jirani yake wa zamani. Walisalimiana kwa kamwene ya huko juu, wakakaa jikoni kumenya viazi, na Apolonia akaona vile vidole vinavyomenya.

"Madam, mikono imepona kumbe."

Yusta akauliza mikono gani.

Apolonia alicheka mpaka kisu kikaanguka. Akasema mikono ile ambayo shule nzima ilikuwa inaijua isipokuwa mwenyewe. Walimu walikuwa wanaichukua ile ratiba yake, wanaitazama, wanakubaliana nani achukue vipindi vya asubuhi. Mkuu wao, Mwalimu Filemoni, aliwaambia wasimguse, ataomba ruhusa akiwa tayari, na akamwachia nafasi kwenye kitabu cha ruhusa.

"Wewe ulidhani nani anachukua kidato cha pili saa mbili asubuhi mwezi wa saba kwa kupenda kwake?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa unapenda sana tusijue," alisema Apolonia, akiokota kisu. "Tukaona tusikunyime."

Kama angepigwa kofi angejua pa kuliweka. Alikula viazi vile kwa adabu, kimoja kimoja.

Asubuhi alibeba mchele wake mpaka namba tatu. Cherehani ya Lea ilikuwa imehamishiwa sebuleni karibu na mlango, na kando yake godoro dogo limeegemezwa ukutani: ndipo mtoto anapolala sasa, kati ya vitambaa. Tadeo, mwanaume mrefu mwenye sauti ya chini, alimkaribisha kama mgeni wa heshima. Lea alikuwa anashona sare. Aliutazama mfuko.

"Weka pale."

Yusta aliuweka pale. Alikuwa ameandaa utangulizi tangu Makambako, wenye hali ya hewa ndani yake, lakini mbele ya lile godoro ukamtoka kichwani.

"Ule ukuta ulikuwa mweusi tangu nilipoingia," alisema. "Niliupaka chokaa ndipo nikapiga zile picha. Niliogopa mtakataa, na mimi nilitaka kuondoka. Naumwa. Sikutaka mtu ajue."

Tadeo alishaanza kusema haidhuru, dada, yote ni mipango, sisi binadamu.

"Baba Lusia, nyamaza kidogo," alisema Lea bila kuinua macho. "Msamaha wako una haraka, hata kosa lenyewe hujalisikia likaisha." Akamgeukia Yusta. "Ulipaka mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa mikono ninayoisikia kwa walimu wa hapa?"

"Nilijifunga brashi."

Mdomo wa Lea ulicheza, karibu ucheke, ukakumbuka. "Basi ulikuwa na haja kweli. Kuumwa sikulaumu, dada. Mimi nina mgonjwa, najua. Lile swali la unyevu lilikuwa langu. Huyu alilituma tu. Nilikuuliza mwanamke kwa mwanamke, nimekaa na mtoto mapajani, nangoja jibu."

Safari hii Yusta hakutafuta la kujitetea. Alisema yuko tayari kurudi, wabadilishane upya. Tadeo akasema ofisi haitakubali ndani ya mwaka. Lea akasema hata ikikubali haimsaidii, maana Yusta akirudi ukuta utabaki pale pale, na huko chini pumba ziko pale pale. Anachotaka ni barua. Halmashauri wanasema wao ndio wameharibu nyumba. Anayejua ilivyokuwa ni aliyeishi ndani na akasaini. Aandike.

Akasogeza vitambaa, akampa nafasi mezani, na karatasi ya mistari ya mtoto.

Yusta aliandika haraka. Alieleza ukuta, chokaa, fomu, na kwamba alificha hali hiyo kutokana na sababu za kifamilia. Lea akaipokea, akaisoma kwa kidole kama anayekagua pindo.

"Hapa panavuja. Sababu za kifamilia ndiyo nini? Mume wako alikuwa na kuvu?"

"Ni maneno ya kiofisi, mama Lusia."

"Wao watasema Tadeo amekuhonga mchele uandike hivi. Mtu hafichi ukuta bure. Sema ulichokuwa unakificha."

Akachukua karatasi ya pili. Mimi ni mgonjwa wa baridi yabisi kwa mwaka wa saba sasa. Ulikuwa mstari mfupi. Alikuwa amefundisha vipeo na vipeuo, amesahihisha mitihani ya mkoa, lakini mstari ule ulimchukua muda mrefu kuliko barua yote, na kosa halikuwa la vidole. Alipomaliza aliorodhesha nakala: mkuu wa shule, faili la nyumba.

"Na mkuu wako wa Igawa," alisema Lea.

Tadeo akasema hiyo si lazima, Igawa haihusiki na nyumba ya huku. Kwa haki ya kiofisi alikuwa sahihi. Yusta alimtazama kwa shukrani kubwa, kisha akaona aibu ya ile shukrani.

Mtoto aliingia kutoka nje, mwembamba, sweta mbili, kikohozi kikimtangulia. Alimwamkia mgeni shikamoo, akamgeukia mama yake. "Huyu ndiye mwenye nyumba?"

"Alikuwa," alisema Lea.

Yusta akaandika: Nakala, Mkuu wa Shule, Igawa. Akasaini. Lea alikunja barua pamoja na kadi ya hospitali ya Lusia, akampa Tadeo aipeleke kwa Mwalimu Filemoni kabla hajatoka kwenda shambani. Kisha akamwambia Yusta gari la kushuka linajaa mapema. Chai hakutaja. Katika nchi hiyo hata mkusanya kodi hupewa chai.

Njiani alitarajia kujisikia mwepesi, kwa kuwa ndivyo watu wanavyoahidiwa. Alijisikia vile vile, na njaa juu yake. Baadaye, mwezi wa nane, familia ya Tadeo ilipewa nyumba nyingine, vyumba viwili vyenye jua la asubuhi, na Lusia hakulazwa tena mwaka ule. Lakini hilo aliambiwa na Apolonia. Lea hakumpigia.

Jumatatu aliiwahi barua. Alisimama mbele ya meza ya Mwalimu Benjamini na nakala aliyoinakili mwenyewe, naye akaisoma mara mbili, ya pili polepole.

"Kwa hiyo Clement hana presha."

"Hana, Mkuu."

"Nampa pole kila nikikutana naye. Juzi nimemwambia aache chumvi."

"Ameacha."

Mwalimu Benjamini akaiweka barua chini, akailainisha kwa kiganja. Kuhusu umakamu hakusema neno, wala siku hiyo wala baadaye. Septemba nafasi ilipata mtu mwingine, na Yusta hakuuliza. Alivuta droo, akatoa kitabu cha ruhusa, akakifungua.

"Kliniki yako ni lini?"

"Alhamisi ya wiki ijayo."

Akaandika.

"Baada ya hapo?"

"Mwezi wa kumi, tarehe tisa."

Akaandika na hiyo, akapiga mstari chini, akafunga kitabu. Haikufika dakika. Yusta alibaki amesimama pale, akingoja kile alichokuwa amekiogopa kwa miaka sita na zaidi, mpaka Mkuu akamuuliza kama kuna jingine, maana kidato cha pili wanapiga kelele na kipindi cha kwanza ni chake.